Kilemba Nilichokivaa Ng'ambo ya Songwe

Iringa, Jumapili, 28 Novemba 1954

Nimejipa livu. Najua kinachosemwa: fundi cherehani hana bwana wa kumpa livu, kwa hiyo hana livu. Zubery, anayeuza chumvi na mafuta ya taa mlango wa pili, ameniuliza mbele ya wateja nimemwandikia nani barua ya ruhusa, cherehani au sindano. Nimemjibu kwamba cherehani imekubali, sindano bado inafikiri.

Fikira yenyewe nimeiokota kwa memsahibu mmoja niliyemshonea magauni ya safari. Alisema wanakwenda nchi ya nje na watoto wao, si kwa kazi wala kwa msiba, kukaa tu. Nikawaza, mimi nina miaka arobaini na sita, tumbo limeanza kunitangulia mlangoni, na sijawahi kukaa tu. Nchi ya nje ninayo, tena bila kuvuka bahari. Mke wangu Mwanakhamisi kwao ni Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, katika utawala wa Nyasaland. Nilimwoa Mbeya nyumbani kwa shangazi yake, Mungu amrehemu. Kwa mama yake sijafika hata siku moja, na mama mwenyewe hajawaona wajukuu.

Tutakwenda wanne: mimi, Mwanakhamisi, Chiku wetu wa miaka minne, na Halfani wa miezi mitano ambaye bado hana maoni. Mvua zimeshaanza. Zubery anasema hakuna mwenye akili anayekwenda Karonga mvua zikianza. Nimemwambia ndiyo maana nakwenda mimi.

Alhamisi, 2 Desemba. Ndani ya basi

Tumeondoka. Halfani ametapika juu ya kanzu yangu kabla hatujamaliza mteremko wa kutoka mjini.

Ijumaa, 3 Desemba. Nyololo

Basi limezama kwenye tope mpaka kwenye tumbo. Wanaume wote tumeshuka kusukuma. Utingo alinitazama, akasema mzee huyu anasukuma kama anapapasa kitambaa dukani. Watu wakacheka, nami nikacheka kuliko wote, maana ni kweli.

Chiku amekaa dirishani akiuliza. Tope linatoka wapi? Mvua ikiisha linakwenda wapi? Basi linaumia? Kwa nini mdogo wake hasukumi? Winda za mdogo wake zimeanikwa madirishani, na basi zima linanuka maziwa yaliyochacha. Baridi ya huku inaingia mfupani. Nilitegemea mke wangu anune, lakini yeye anaimba kwa sauti ndogo. Kila maili anakuwa msichana zaidi.

Jumamosi, 4 Desemba. Igawa

Wali wa Usangu, kambale mkavu wa kuchemsha. Chiku amemfinya mdogo wake. Alipoulizwa, akasema alikuwa anaangalia kama amelala.

Jumatatu, 6 Desemba. Mbeya

Tumelala kwa Sekela, Mnyakyusa mmoja aliyekuwa jirani ya marehemu shangazi. Anauza maziwa na viazi, na ni mwimbaji wa kanisani mwenye sauti ya kutikisa bati. Amemwogesha Halfani, akamlisha Chiku ndizi za maziwa, kisha akanitazama mimi na kanzu yangu yenye madoa.

"Wewe baba, unacheka-cheka sana," akaniambia. "Kwa wakwe ukifika, mdomo unaweka mfukoni."

Nimemwambia mfuko wangu umetoboka. Hakucheka.

Alhamisi, 9 Desemba. Mto Songwe

Lori la Tukuyu limetushusha asubuhi, kisha tukatembea kwa miguu mpaka mtoni. Mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Anayevusha watu ni Lutengano, mzee mwenye mabega ya kijana, na mtumbwi wake umechongwa kwa gogo moja. Alituhesabu kwa kidole kabla ya kupanda. Wanne, akasema, na huyu wa kuuliza-uliza akae katikati.

Chiku alitaka kujua mto ni wa Tanganyika au ni wa ng'ambo. Lutengano akamwonyesha shamba la migomba nyuma yetu, akasema mwaka juzi mto ulikuwa unapita kule, na serikali zikaulizana zenyewe. Yakafuata maswali mto unalala wapi, samaki wana mama, na kama Lutengano anajua kuogelea. Tulipofika upande wa pili mzee yule akasema kama angemtoza huyu nauli kwa kila swali, angejenga nyumba ya bati.

Nchi ya nje ina tope lilelile.

Karonga, Ijumaa, 10 Desemba

Tumefika. Mama mkwe wangu, Bi Jaha, ni mjane, na nyumba yake ni ya udongo uliosiribwa vizuri, mlango wa mbao ya zamani, baraza mbele. Ni Waislamu wa hapa siku nyingi, watoto wa watu waliokuja kutoka pwani kama babu zangu, ila njia yao ilipita kwingine. Nilidhani kwa hiyo mambo yetu ni mamoja.

Mama mkwe sijamwona, wala sitamwona, na ndivyo heshima inavyotaka. Nimesikia sauti yake nyuma ya pazia, laini, ikiniuliza habari za njia. Nikajibu nikitazama chini kama mwali. Mwanakhamisi na watoto wako ndani kwa mama yake. Mimi nimepangiwa chumba cha barazani pamoja na Mjomba Kitwana, kaka yake Bi Jaha, mzee wa tasbihi na utani. Mke wangu nitamwona akileta chakula. Ndiyo livu ya kukaa na mkeo hiyo.

Jumatatu, 13 Desemba

Mvua.

Jumanne, 14 Desemba

Mvua. Nimekula, nimelala, nimekula. Memsahibu alisema kweli, ila hakusema kwamba siku ya tatu mikono inaanza kutafuta sindano yenyewe.

Jumamosi, 18 Desemba

Chiku amehama kwa mama yake, analala na bibi. Naona ni sawa. Halfani anaota jino na hamwachi mtu kulala. Mjomba ananiambia Bi Jaha amechangamka, hajamwona hivyo tangu kitinda mimba wake alipokwenda kwenye migodi ya Joni, kule Afrika Kusini, na asirudi wala kutuma salamu. Mchana kutwa nasikia sauti mbili nyuma ya pazia, moja inauliza na moja inajibu. Bibi huyu ana subira ambayo mimi sina. Anajibu mpaka swali la mwisho.

Ijumaa, 24 Desemba

Leo nimefurahi, niandike.

Baada ya sala ya Ijumaa wageni walikuja barazani, wazee wa mtaa, tukala pilau. Tukiwa tunanawa, Mjomba Kitwana akasimama, akasema dada yake ana neno. Bibi amempenda mke mwenzake, yaani Chiku, na amemtumia baba mtu kilemba. Akaweka mbele yangu sinia lenye kitambaa kimekunjwa. Nikakifungua. Jamani, kitambaa. Cha Maskati, chepesi kama pumzi, ukingo wa nyuzi za dhahabu, si rangi ya dhahabu. Tangu nianze kushona sijagusa kitu kama hicho.

Kwetu babu humwita mjukuu mkewe na bibi humwita mke mwenza, tukacheka, yakaisha. Nami nani wa kuharibu utani? Nikasema mchukueni, kwangu anakula sana na maswali yake yamenitoa mvi. Nikajifunga kilemba palepale, nikacheza hatua mbili tatu za msondo na tumbo langu hili. Chiku alitoka mbio kuja kutazama, akacheka mpaka akakaa chini. Wazee walipiga makofi, mmoja akasoma Fatiha. Nikaona watu hawa hata utani wao wanausomea Fatiha. Nimewapenda.

Mwanakhamisi alileta kahawa baadaye, hakunitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. Moshi wa kuni mbichi.

Jumatano, 29 Desemba

Mvua. Chiku amesukwa nywele kwa mtindo wa nyumba hii, mistari inayokwenda kisogoni. Amependeza.

Jumatatu, 3 Januari 1955

Chiku amepelekwa chuoni kujifunza alifu na watoto wa hapa. Nimemtania Mjomba kwamba mtoto wa mgeni anasomeshwa kwa wiki tatu atajua herufi ngapi. Mjomba akanitazama kama niliyesema jambo lisilo la utani. Akarudi kwenye tasbihi yake.

Jumamosi, 8 Januari

Mvua siku nzima. Ziwa limepanda mpaka mashamba ya mpunga. Mwanakhamisi ameleta chakula, ameweka, ameondoka. Nimemuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Nimemuuliza kama kuna jambo. Akasema, "Wewe ndiye unayejua." Nikabaki na tonge mkononi.

Alhamisi, 13 Januari

Chiku amesukiwa mkeka wake mwenyewe, mdogo, una herufi zimesukwa pembeni. Nimeuona ukianikwa. Mkeka kama ule husukwa kwa wiki mbili. Mgeni anayeondoka mwisho wa mwezi hasukiwi mkeka.

Nimejiambia ni zawadi ya kuondokea. Nimejiambia mara mbili.

Jumapili, 16 Januari

Mvua. Leo nimemwita Chiku aje kukaa nami barazani. Akasema anamsaidia bibi kuchambua mchele. Nikamuuliza, hana swali lolote la kumuuliza baba yake? Akafikiri, akasema, "Nimeshamuuliza bibi."

Jumatatu, 24 Januari

Sijui nianzie wapi, basi nianze na mizigo.

Tunaondoka Alhamisi. Asubuhi nimemwomba Mjomba Kitwana awaambie wa ndani wafunge mizigo ya watu wanne. Akasema, ya watu watatu. Nikasema wanne. Akaiweka tasbihi chini, na huyu mzee haiweki tasbihi chini hata akila. Akasema, "Bwana mkwe, kilemba si ulikivaa?"

Nikacheka. Nimeandika humu kwamba nilicheka ili nisije nikasahau jinsi nilivyo.

Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Katika nyumba zao, bibi anayetaka kulea mjukuu haombi kwa mdomo, maana mdomo hauwezi kukataliwa bila aibu. Anamtumia baba kilemba mbele ya mashahidi. Baba akikikunja na kukirudisha kwenye sinia, yamekwisha, hakuna aliyeomba wala aliyenyima, na kahawa inanywewa. Baba akikivaa, mtoto amekabidhiwa. Ndiyo maana ya Fatiha. Akasema katika umri wake wote ameona vilemba vingi vikirudishwa na vingi vikivaliwa, lakini hajapata kuona baba anayevaa na kucheza. Walijua natoka mbali. Wakadhani ndiyo desturi ya Iringa, na wakaniona mtu mkarimu kupita kiasi.

Nimekaa barazani mpaka adhuhuri. Mimi fundi. Nililetewa jambo nikatazama kitambaa.

Mwanakhamisi alipoleta chakula nikamwambia asiondoke. Mjomba akainuka akaenda kutazama mvua, ingawa mvua ilikuwa inaonekana palepale. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akajibu akitazama sahani.

"Nilikusikia kupitia pazia," akasema. "Unasema mchukueni, anakula sana. Nikasikia na miguu yako inacheza. Nikadhani umemchoka mwanangu, kwa kuwa sasa umepata mwanamume."

Nikamwambia sikujua. Akasema shangazi yake alipaswa kuniambia siku ya ndoa. Marehemu hakuniambia, siku ya ndoa nadhani sikumpa mtu nafasi ya kusema. Halafu akaniambia ambalo katika miaka yetu yote hajaniambia. Yeye mwenyewe alilelewa kwa kilemba. Alitolewa akiwa anatambaa, akapelekwa kwa bibi mzaa baba, nyumba ya nne kutoka hii. Bi Jaha alimwona kila siku akipita na ndoo.

"Nilimwita mama yangu dada," akasema, "mpaka nikavunja ungo. Nikijua ni mama. Ila ulimi ulikuwa umeshazoea."

Akachukua sahani. Sikuwa nimegusa kitu.

Kwa mwezi mzima mke wangu amelala upande wa pili wa ukuta huu akiamini nimemtupa mtoto wake, na bado akanipikia.

Jumanne, 25 Januari

Nimemtuma Mjomba aseme nilikosea, nakirudisha. Amerudi, amesema kilemba kilichovaliwa hakirudishwi. Anayerudisha anatangaza kwamba ameikuta nyumba ina ila, na baada ya hapo hakuna mtoto wa mtaa huu atakayekula kwa Bi Jaha. Na mke wangu? Mjomba akapiga tasbihi kidogo. Mke, akasema, hawezi kuondoka na mume aliyemvua nguo mama yake. Watakuwa wawili waliobaki badala ya mmoja.

Saa ya alasiri sauti ya Bi Jaha imenijia nyuma ya mlango. Haikupita kwa Mjomba wala kwa mtoto. Tangu salamu za siku ya kufika haijawahi kutokea, na nilisimama kama askari.

"Baba," akasema, "mimi sikuiba. Nilituma kilemba mchana, watu wakiona. Ungekikunja ningelia siku moja, ingekwisha."

Nikasema najua, mama.

"Huyu mkeo alikuwa wangu wa kwanza. Baba yake alikivaa, hakuniuliza. Nikanyamaza, wakasema Jaha ana adabu. Nimeingojea zamu yangu mpaka meno yamelegea. Sasa imekuja, nawe unataka ninyamaze tena?"

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Mimi sikosi maneno. Zubery husema nikifa, mdomo utazikwa kesho yake. Yalikuwa maneno mazuri, yenye heshima. Lakini huwezi kumwambia mama mkwe hapana. Hata nilikolelewa mimi haiwezekani, hilo tulikuwa nalo pamoja. Na ndani ya chumba chake Chiku alikuwa anamuuliza mbona unaongea na mlango.

Nikasema, "Pumzika, mama." Ndicho nilichosema.

Jumatano, 26 Januari

Mvua imekatika. Nimekikunja kilemba mara nne, pembe kwa pembe. Kesho nitakiweka kwenye kizingiti chake mbele ya watu, na litakalokuwa liwe. Nimemwambia Mwanakhamisi alipoleta chai. Akakitazama kitambaa, akarudi ndani na birika.

Kaporo, Alhamisi, 27 Januari

Asubuhi, kabla hatujaondoka Karonga, watu walikusanyika barazani kutuaga. Nilitoka na kilemba mkononi kimekunjwa. Mwanakhamisi alikuwa amemfunga Halfani mgongoni na amekaa kwenye mizigo. Pembeni yake niliona furushi dogo la kanga, la Chiku, nami nikajua alilifunga mwenyewe asubuhi hiyo. Alikuwa ameweka mkono juu yake. Basi amechagua, nikajiambia. Nikasogea kizingitini. Mjomba Kitwana aliona mkunjo ule, akafumba macho.

Chiku akatoka mbio. Nywele zile mpya, kofia ya chuoni mkononi. Aliona kitambaa, akanirukia, akakinyakua.

"Baba, cheza," akasema.

Nikainama nimnyang'anye, yeye akadhani nainama avae vizuri. Akanizungushia kichwani ovyo ovyo, kikanining'inia sikioni. Watu wakacheka. Na nyuma yake, mlangoni, akatoka Bi Jaha. Alitoka kabisa, bila kujifunika uso, nikamwona kwa mara ya kwanza: mwanamke mdogo, mkavu, mwenye macho ya Chiku. Alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, na alikuwa anangoja.

Ningeweza kukivua. Mikono ilikuwa yangu. Nimeifikiria njia nzima, mikono hii inayojua kufumua mshono wowote. Lakini mtoto alikuwa anapiga makofi, ananitazama kama siku ile, na mimi sijawahi kujifunza kuwa mtu anayeacha kucheza watu wakicheka. Nikacheza hatua mbili.

Mwanakhamisi akaondoa mkono kwenye furushi. Akalichukua, akampa mama yake. Akamwambia mtoto anapenda kufunikwa miguu.

Chiku hakulia. Alituuliza tunakwenda wapi, tukasema nyumbani, akauliza kama ni mbali. Halafu bibi yake akamwita, akaenda.

Ijumaa, 28 Januari. Mto Songwe

Mto umehama tena kidogo, umekula ukingo wa upande wetu. Lutengano alitusubiri tupande, akatuhesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Yule wa kuuliza-uliza amebaki wapi?"

Mwanakhamisi akajifunika kanga usoni. Nikasema amebaki kwa bibi yake. Mzee akaitikia, akasema kwa bibi ni kuzuri, wanakula vizuri. Akapiga kasia. Maji yalikuwa mengi, na hakuna aliyeuliza kitu mpaka ng'ambo.

Jumapili, 30 Januari. Mbeya

Sekela ametufungulia mlango, ametazama nyuma yetu, amefunga. Nilingoja aniambie la mdomo na mfuko. Badala yake amechemsha maziwa, amemimina vikombe vinne kwa mazoea, kimoja kikapoa.

Mwanakhamisi ameniita, nikatie mlango komeo. Ameniita Baba Halfani.

Jumatatu, 31 Januari. Igawa

Wali uleule. Hatukula.

Jumanne, 1 Februari. Nyololo

Tumezama tena, karibu palepale. Nimesukuma kwa nguvu mpaka utingo akaniambia pumzika mzee. Dirisha lilikuwa tupu. Nimesimama kwenye tope nikajikuta najibu: linatoka kwenye mashamba ya juu, mwanangu. Mvua ikiisha haliendi popote, linakauka hapahapa. Basi haliumii.

Iringa, Alhamisi, 3 Februari

Zubery amenipokea kwa kelele, anataka kujua livu ya kizungu ina ladha gani, na nimenenepa kiasi gani. Nikamwambia ina chumvi. Akacheka. Kisha akatazama mlangoni kwangu, akatazama barabarani, akaacha kucheka katikati, na nimeona jinsi ilivyo vigumu. Ameniletea mafuta ya taa, akajifanya tulikuwa tumeagizana.

Jumatatu, 14 Februari

Mvua. Mwanakhamisi anafanya kazi zake zote. Ni Baba Halfani, chakula. Baba Halfani, kuna mteja. Hanilaumu, na nilimwoa nikidhani ukimya wake ni haya. Sasa najua alijifunza wapi, na nani alimtangulia.

Namfikiria pia yule bibi. Nilitaka kumchukia njiani, ingenisaidia. Kila nikianza naona mikono ile miwili kwenye mlango.

Jumapili, 27 Februari

Halfani ameanza kukaa mwenyewe. Anatazama pembe aliyokuwa akilala dada yake, anatabasamu, anangoja afinywe.

Alhamisi, 10 Machi

Kuna mtu anakwenda Karonga wiki ijayo, jamaa wa Mjomba Kitwana, huleta samaki huku na kurudi na vitunguu. Atabeba kifurushi.

Nimekitoa kilemba kwenye sanduku. Nilikiweka mezani nikakitazama mpaka chai ikapoa. Kisha nikachukua mkasi. Kilemba kilichokatwa hakirudishwi tena, najua. Lakini hakuna atakayekivaa pia. Kinatoa gauni la mtoto, na ukingo wa dhahabu nitauweka shingoni na mikononi.

Ijumaa, 11 Machi

Nimekwama kwenye kipimo. Wateja wangu wote huja wakasimama mbele yangu, nikawatania, nikawapima. Huyu nilimpima mara ya mwisho kwenye sikukuu, akishika kamba ya kupimia na kuniuliza inahesabu nini. Sasa analishwa na mtu mwingine. Atakuwa amerefuka. Amenenepa, au amekonda. Gauni litamfikia lini, na atalivaa kwa muda gani, na nani atamfunga vifungo vya nyuma, na akiulizwa limetoka kwa nani atajibuje. Nimeshona vazi la memsahibu anayekwenda ng'ambo bila kukosea hata nusu inchi, na hili la mwanangu nakisia.

Jumamosi, 12 Machi

Mvua ya usiku imeacha maji mlangoni. Gauni limekwisha. Nilikuwa nalipiga pasi Mwanakhamisi alipoingia dukani na mtoto mgongoni. Alikuwa hajui. Alikitambua kitambaa, nikaona amekitambua. Nikangoja aondoke.

Hakuondoka. Alilichukua, akalipeleka kwenye mwanga, akapitisha kidole shingoni. Kisha akafungua mkono akapima pindo kwa vidole, kama apimavyo kina cha maji sufuriani.

"Hili litamwacha upesi," akasema. "Ongeza pindo, Baba Chiku. Kubwa. La kushusha mwaka hadi mwaka."

Nimelifumua. Nimeongeza vidole vinne, kitambaa chote kilichobaki. Zaidi ya hapo hakuna.